Kuchagua Kiungo cha Treni ya Makopo

Wiki iliyopita kitukuu changu alipata kifurushi kutoka Ulaya. Mjukuu wangu anayefanya kazi huko alimtumia treni ndogo ya kuchezea: injini nyeusi, mabehewa matano, na vipande vya reli vilivyopangwa ndani ya sanduku kama mbavu za samaki. Kulikuwa pia na kimfuko chenye viungo vya kuunganishia mabehewa, na viungo hivyo vilikuwa vya aina mbili. Aina moja ilikuwa na kitanzi kipana na ndoana chini yake. Nyingine ilikuwa nyembamba, kama kidole kilichokunjwa. Karatasi ya maelezo iliandikwa kwa lugha ambayo hakuna mtu nyumbani anayeisoma, basi baba wa mtoto akasema, "Weka yoyote, iko sawa tu."

Hapo nikaomba miwani yangu.

"Hapana," nikamwambia mtoto. "Kwanza unionyeshe kona. Pale reli inapinda, njo pale tutajua kiungo gani kinafaa."

Walicheka wote. Mwanamke mzee kama mimi, niliyezaliwa juu ya kilima cha Masisi ambako hata leo hakuna reli, ningejulia wapi mambo ya treni? "Koko, nani alikufundisha?" mtoto akauliza; kwetu bibi huitwa koko. Nilimjibu kwa maneno mawili tu, maana maharagi yalikuwa yameiva na watu wana njaa. Lakini wewe, rafiki yangu, una nafasi. Wewe nitakueleza yote.

Kilima chetu kilikuwa kinaamka ndani ya ukungu. Asubuhi hukuona nyumba ya jirani, ulisikia tu kikohozi chake na mlango wa mbuzi ukifunguliwa. Jua lilipopanda, ukungu uliteremka polepole bondeni, na migomba ikatokea, kisha mashamba ya maharagi, kisha mbali zaidi paa refu la kibanda cha mzungu mmoja mlimaji walikokausha maua ya pareto. Harufu ya yale maua ilikuwa kali, ikaingia hadi ndani ya nguo. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kuteka maji na kufagia uwanja. Kazi ya kaka yangu ilikuwa kupeleka mbuzi malishoni kabla ya shule. Tulikuwa darasa moja ingawa alinizidi miaka mitatu, kwa sababu hao mbuzi walimchelewesha kuanza kusoma.

Nyumbani tulikuwa watano: mama, koko aliyemzaa baba, kaka, mimi, na baba. Nasema "na baba" mwishoni kwa sababu kwa muda mrefu alikuwa kama mtu aliyeongezwa.

Nilipokuwa na miaka sita baba alishuka Walikale, kwenye msitu, kufanya kazi katika mgodi wa madini. Huko walikuwa na reli ndogo, nyembamba, iliyotoka shimoni hadi mahali pa kuoshea mawe, na juu yake vigari vya chuma vilivyosukumwa na watu. Sisi tuliviita wagone. Kazi ya baba ilikuwa kuziunganisha na kuzitenganisha. Tulijua hilo tu, na tulilijua kwa majivuno. Katika kilima kizima hakuna mtoto mwingine aliyekuwa na baba wa wagone.

Miaka mitatu baadaye akarudi kwa miguu, pamoja na wachuuzi waliobeba mawese na nyama ya kukaushwa. Alivaa koti zito la kijivu, na mkono wake wa kuume ulikuwa ndani ya mfuko wa koti. Alimsalimia koko kwa mkono wa kushoto. Koko aliutazama mkono ule wa kushoto, akaupokea kwa mikono yake miwili.

Tangu siku hiyo mkono wa kuume haukutoka mfukoni mbele yetu. Hata jua likiwaka, koti lilikuwa mwilini. Baba alikula peke yake, amegeukia ukuta. Hakwenda kanisani, hakwenda kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwa jirani, hakutupiga, hakutukaripia. Ukimwuliza kitu alitikisa kichwa. Mama alituita nyuma ya nyumba akatuambia, "Batoto, musimuulize Papa yenu mambo ya wagone. Hata siku moja. Munasikia?" Tukasema tumesikia.

Koko peke yake hakumzungukazunguka. Kila siku alimwekea ungo wa maharagi mabichi karibu na moto na kumwambia, "Mukono moja inatosha kutoa maharagi." Baba akatoa maharagi. Nakumbuka mlio wake, maganda yakipasuka moja moja, taratibu, na nje mvua. Kwa miezi mingi mlio ule ndio uliokuwa sauti ya baba.

Sasa nikuelezee mwalimu wetu. Alikuwa kijana mwembamba mwenye kaptura iliyonyooka kama ubao, na alikuwa amesafiri kuliko padri mwenyewe, au ndivyo tulivyoamini. Siku moja katika somo la jiografia alichora treni ubaoni. Alisema aliwahi kuipanda, kule chini kusini, siku nzima, na akatuigizia sauti yake mpaka darasa la jirani wakachungulia dirishani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Mtoto mmoja aliuliza inakula majani gani. Mwalimu hakucheka. Alisimama akafikiri, kisha akasema, "Tutaitengeneza."

Shule ilikuwa inakaribia kufunga kwa vakansi, na siku ya kufunga wazazi walikuja kuona kazi za mikono. Miaka yote zilikuwa vikapu na mipini ya majembe. Safari hii, akasema mwalimu, darasa letu lingeonyesha treni. Kila benchi litengeneze behewa moja kwa kopo la sardini. Magurudumu yakatwe kwenye matawi ya mkaratusi, kama unavyokata muhogo. Wakubwa walete mianzi. Mianzi ilipasuliwa katikati, ikalazwa ardhini kama mifereji miwili inayokwenda sambamba, na magurudumu yakapita ndani ya mifereji hiyo. Reli yetu ilianzia nyuma ya shule, ikateremka mteremko, ikazunguka jiwe moja kubwa lililokataa kung'oka, ikaishia kwenye uwanja wa kanisa. Treni ingeteremka yenyewe kwa uzito wake, behewa la kwanza limejaa mawe, na mengine yakiwa na maharagi, mahindi na viazi vya mashamba yetu.

"Na nani atayaunganisha?" mwalimu akauliza. Kabla hajamaliza, macho yake yalikuwa yameshatufikia. "Nyinyi wawili. Papa yenu alifanya kazi ya wagone. Mutamuuliza, atawaonyesha."

Kaka akajibu haraka, "Ndiyo, Mwalimu." Chini ya benchi alinikanyaga mguu ili nisifungue mdomo.

Tungesemaje? Mbele ya darasa zima tulikuwa watoto wa mtu wa wagone. Tulirudi nyumbani, na njiani tukaapa kwamba tutajua wenyewe.

Mimi nilichagua kamba. Koko alinifundisha kusokota nyuzi za mgomba tangu nikiwa mdogo, na kamba yangu ilivuta hata mbuzi dume. Kaka aliidharau. Alipata mwavuli uliovunjika kwa katekista, akazivunja mbavu zake za chuma na kutengeneza kulabu ndogo nzuri, zinazong'aa. Tukagombana juma zima. Alisema kamba ni ya mbuzi. Nilisema kulabu ni za samaki, na hapa hakuna samaki.

Mwalimu alitupatia mabehewa manne ya kujaribia. Tulianza na kamba. Kwenye mteremko wa juu ilikwenda vizuri, nikaanza kuruka. Lakini behewa la mbele lilipopunguza mwendo kwenye kona, kamba ikalegea, na mabehewa ya nyuma yakaja yakampanda mwenzao mgongoni. Mahindi yakamwagika. Nikafupisha kamba hadi makopo yakagusana, basi kwenye kona hayakuweza kupinda, yakatoka relini yote manne pamoja. Kisha asubuhi iliyofuata umande ulikuwa umekaza mafundo, na hakuna aliyeweza kuyafungua. Ilibidi tukate.

Kaka akacheka, akafunga kulabu zake. Zilipita kona! Darasa likapiga makofi. Lakini pale mwanzi mmoja ulipoishia na mwingine kuanza, behewa lilirukaruka kidogo, kulabu ikachomoka, na nusu ya treni ikabaki juu huku nusu nyingine ikienda zake kanisani. Kaka akazibana kulabu kwa mawe hadi zikafunga kabisa. Sasa hazikuchomoka, lakini hazikufunguka pia. Zilipinda, zikang'oa misumari ya makopo. Behewa la watoto wa benchi la mbele lilipasuka, na msichana mmoja wa benchi hilo akalia.

Watoto wakaanza kunong'ona. "Papa yao hakuwa ku wagone. Wanadanganya." Mwalimu alitazama vipande vilivyotawanyika akasema, bila ukali, "Jumatatu asubuhi nitaangalia. Kama haijaungana, tutaweka makopo ku meza, moja moja, kama vikombe."

Sijui kama utaelewa, rafiki yangu, jinsi maneno yale yalivyotuuma. Makopo juu ya meza. Na yale manong'ono yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu hatukuweza kuyajibu.

Jumamosi tulibeba mabehewa manne nyumbani. Mama alikuwa shambani. Koko alikuwa uwanjani akianika mtama, na baba amekaa mlangoni na ungo wake. Tulilaza mianzi kwenye mteremko mdogo kando ya migomba, tukapinda kona kwa kuegemeza vipande juu ya jiwe. Hatukumtazama baba. Tulifanya kana kwamba hayupo, jinsi tulivyokuwa tumezoea.

Kaka alishika mabehewa mawili juu. Mimi nilikuwa chini na mengine mawili, nikijaribu kuiongoza kulabu iingie kwenye kitanzi. Haikuingia. Nikaweka kidole katikati ya makopo ili niiinue, nikamwambia kaka, "Achilia!"

"Toa kidole!"

Sikuijua sauti ile. Ilikuwa kubwa kama ya mtu anayefukuza chui. Kuku walitawanyika. Koko aliangusha ungo wa mtama. Nilitoa mkono kwa hofu tu, bila kuelewa, na mabehewa yakagongana mbele ya magoti yangu, ta!, kopo juu ya kopo.

Baba alikuwa amesimama. Maharagi yalikuwa yamemwagika miguuni pake, na mkono wake wa kuume ulikuwa nje, umenyooka kuelekea kwangu. Ulikuwa na kidole gumba, na kidole kidogo, na kimoja cha kati kilichopinda. Vingine viwili havikuwapo. Niliutazama mkono ule, naye akaona ninautazama. Nilidhani ataurudisha mfukoni.

Hakuurudisha. Alikuja hadi kwenye mianzi akachuchumaa, anahema. Alinishika mkono wangu na kuugeuzageuza, kidole kwa kidole, kama mtu anayehesabu mayai.

"Iko muzima?" koko akauliza kwa mbali.

"Iko muzima," baba akasema. Kisha akamgeukia kaka. "Nani aliwafundisha kufunga wagone hivi?"

"Hakuna muntu, Papa."

"Kwa nini hamukuniuliza?"

Kaka alitazama chini. Mimi ndiye niliyesema, na mpaka leo sijui nilipata wapi ujasiri. "Mama alitukataza."

Baba alikaa kitako juu ya udongo. Aligeukia ukuta wa nyumba, nami nikafikiri basi, amerudi alikokuwa. Halafu akasema, "Kule tulikuwa na kijiti. Kijiti cha kuinua pete, ili mukono usiingie katikati. Siku ile kijiti kilivunjika. Kapita, mukubwa wetu wa kazi, akasema hakuna wakati, tumia mukono." Akautazama mkono wake. "Mimi njo nilikubali. Ningekataa."

Koko alikuwa amekwisha kutukaribia. Hakumfariji. Alisema tu, "Sasa wafundishe hawa namna ya kukataa," akarudi kwenye mtama wake.

Baba akaomba aone kazi yetu. Aliifunga kamba yangu, akaiachilia, akatazama. Akafunga kulabu za kaka, akaachilia, akatazama. Hakusema ipi mbaya. Alituuliza sisi tumeona nini. Nikasema kulabu zinaachia. Kaka akasema kamba inalegea. Akatuambia tuseme kila mmoja kasoro ya kitu chake mwenyewe. Hilo lilikuwa gumu zaidi, lakini tulisema.

"Musiangalie ile iko muzuri ku macho," akasema. "Kiungo cha kuchagua ni kile kinafunguka wakati munataka, na hakifunguki wakati hamutaki. Ingine yote ni mapambo."

Kisha tukaanza kazi. Kila behewa alilitaka liwe na kinywa cha mbao mbele na nyuma, kipande kidogo cha mti kilichopasuliwa mdomo, chenye tundu kutoka juu hadi chini. Pete ndefu ya waya iliingia katika kinywa hiki na kinywa cha jirani yake, na kijipini cha mwanzi kikateremshwa kutoka juu kupita ndani ya pete. Mbavu za mwavuli wa kaka ndizo zilizokuwa pete. Kamba yangu haikutupwa: baba alisema kila pini ifungwe kwa uzi wake ili isipotee, na uzi nilisokota mimi.

Mkono wake haukuweza kukunja waya. Alijaribu mara mbili, waya ukamchoma, akauangusha. Nilitaka kugeuka nisione. Lakini alimwambia kaka, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shika hapa." Na mimi, "Mama, kunja polepole. Polepole, isivunjike." Kwetu baba humwita binti yake mama akimpenda. Tangu aondoke kwenda Walikale hakuwa ameniita hivyo.

Tulibishana kuhusu urefu wa pete. Kaka alitaka fupi, treni ikae imebanana. Baba akatuacha tujaribu. Fupi zilitoka kwenye kona. Ndefu sana ziligonganisha makopo kwa kelele. Tulichagua urefu wa katikati, ulioacha nafasi ndogo ya behewa kugeuza kichwa. Mwisho akachonga kijiti, chembamba, chenye ncha iliyopinda kidogo, akanipa mimi. "Hiki njo mukono wako wa wagone. Kama hakiko, kazi hakuna. Hata Mwalimu akisema. Hata Padri."

Mama alipotoka shambani na mzigo wa kuni kichwani alitukuta sote watatu chini, vumbi hadi nyusi, na koti la kijivu limetundikwa kwenye mgomba. Alisimama pale na kuni zake muda mrefu sana. Kisha alipita nyuma ya nyumba, na nikamsikia akitua mzigo, na hakutoka huko mpaka moto ulipohitaji kuwashwa.

Jumatatu mwalimu alijaribu pini moja, akaichomoa, akairudisha, akaitikia kwa kichwa, amefurahi. Hatukumwambia lolote, naye hakuuliza. Siku tatu zilizobaki kabla ya kufunga, darasa zima lilichonga vinywa vya mbao, nami nilipita benchi hadi benchi na kijiti changu, nikikaripia vidole vya watu.

Siku ya kufunga watu walijaa pande zote mbili za reli. Padri alikuwa amekaa kwenye kiti chini kabisa, kwenye uwanja wa kanisa. Nilimwona koko amevaa kitambaa chake cha Pasaka, mama kando yake, na nyuma yao baba. Alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mifupi. Nilijua asubuhi ile asingevaa koti, kwa sababu koko alikuwa amelifua makusudi na lilikuwa bado linadondosha maji.

Mabehewa yalikuwa kumi na mbili. Mwalimu aliinua jiwe lililozuia la kwanza, na treni ikaanza kwenda. Pete zikanyooka moja baada ya nyingine, ti, ti, ti, ti, hadi la mwisho, na sauti ile ilinipita mgongoni. Ikashika mteremko. Watoto wakakimbia kando yake wakipiga mlio aliotufundisha mwalimu. Injini yetu ya mawe ikazunguka jiwe kubwa, na mabehewa yakaifuata kama bata.

Kisha ikasimama. Gurudumu la behewa la saba lilikuwa limepasuka katikati, likajikaza ndani ya mwanzi. Matano ya nyuma yalikuwa juu ya mteremko yakiliegemea, mahindi yanatikisika. Watu wakasema "ooh". Mwalimu akaweka jiwe mbele ya injini ili isiondoke, akaniita. Nilichuchumaa na kijiti changu, lakini pini ya behewa lile ilikuwa imebanwa na uzito wote wa nyuma, na watu wote wa kilima walikuwa wakinitazama. Pini ikakataa. Mtu mmoja mkubwa, sijui nani, akasema, "Weka kidole, mutoto, vuta tu."

"Hapana," nikasema. Nilianza kulia, lakini nilisema hapana.

Watu waligawanyika, na baba akapita katikati yao. Alichuchumaa kando yangu. Kwa bega na mkono wa kushoto aliyazuia mabehewa ya nyuma na kuyarudisha juu kidogo sana. Uzito ukaondoka kwenye pini. "Sasa, mama," akaniambia. Nikachomoa ya nyuma, nikachomoa ya mbele, na kaka akalinyanyua lile behewa bovu lote na viazi vyake. Baba akayaachilia mengine yashuke taratibu, mkono wake wa vidole vitatu juu ya kopo la mbele, wazi, kila mtu anaona. Nikainua pete kwa kijiti. Ikaingia. Nikateremsha pini.

Mwalimu akaondoa jiwe, treni ikaondoka. Ilifika kwa padri na mabehewa kumi na moja, na nasikia alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikuona. Nilikuwa bado nimekaa kwenye kona na baba, tunasikiliza kelele za watu huko chini.

Mwalimu alipanda kuja kwetu, akainamisha kichwa, akamsalimia baba kwa kumpa mkono wa kuume. Baba alisita kidogo, kisha akautoa wake. "Papa," mwalimu akasema, "mabenchi ya shule yanavunjika kila siku, na mimi sijui mbao. Ungekuja kutusaidia?" Baba alisema ataangalia. Alikwenda baada ya vakansi, na aliendelea kwenda kwa miaka mingi. Alifundisha watoto wa kilima chetu na wa vilima vingine kuchonga, kupiga randa, kuunganisha mbao bila msumari. Aliyoyaweza kwa mikono yake aliyafanya, na aliyoshindwa alimwambia mtoto, "Shika hapa."

Mengi ya hayo hayapo. Shule ilijengwa upya kwa matofali, kisha ikachomwa katika miaka ya taabu, kisha ikajengwa tena mahali pengine. Ile mianzi ilikatwa. Kilima chenyewe tulikihama zaidi ya mara moja, na kila kuhama kulikula kitu: kwanza mabenchi aliyoyatengeneza, kisha vikapu vya koko, kisha makaburi yao, ambayo leo siwezi kuyafikia kwa miguu yangu. Kaka alifariki akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, na mpaka mwisho alishikilia kwamba kulabu zake zilikuwa na kosa dogo tu. Nikikaa na kuwahesabu wote nabaki na kushukuru, kwa sababu watu wale walinijali mimi mtoto wa kike asiye na kitu, wakanipa kila walichokuwa nacho.

Nikitafuta kile ninachokikosa zaidi, si treni. Ni jioni za mwaka uliofuata, tukiwa tumeuzunguka moto sote, sombe, yale majani ya muhogo, ndani ya chungu, na baba akieleza: habari za msitu wa Walikale, za mvua isiyokoma, za watu wa huko waliomfundisha kutega, za rafiki aliyeimba akisukuma wagone, habari moja mara tatu, mara nne. Sisi hatukuchoka. Ila mama alikuwa akipita na maji, anatikisa kichwa na kumwambia koko kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Mama, mutoto wako sasa anasema sana. Hata chakula kinapoa." Kisha alikaa chini karibu naye, akamwambia, "Haya, endelea."